Kutoka Kabati la Kadi hadi Kwenye Wingu

Siku waliyoniaga kwa keki na soda, Njoki alinishika mkono mlangoni mwa chumba cha rekodi akaniambia, "Mama Kioko, hotuba umekataa kutoa, sawa. Lakini basi tuandikie. Sisi tulikuta kila kitu kinafanya kazi. Hatujui kilianzaje." Njoki ndiye aliyechukua meza yangu. Nikamwahidi kwamba nitaandika, kwa sababu mtu mwenye keki mkononi huahidi chochote. Sasa niko nyumbani Donholm wiki ya tano, nguo zote zimefuliwa, mapazia yote yameshushwa na kupandishwa tena, na kisingizio sina.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa.

Niliingia kliniki yetu ya watoto, pale Makadara, nikiwa msichana anayejua kupiga taipu na asiyejua kitu kingine chochote. Wazazi wangu walitoka Ukambani. Baba alikuwa mchonga vinyago, na siku hiyo ya kwanza aliniangalia na sketi yangu ya ofisi akasema, "Angalau wewe utafanya kazi umekaa." Sikukaa. Nilisimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni nikitafuta kadi.

Chumba cha rekodi kilikuwa na makabati sita ya chuma, na kila droo ilikuwa na tabia yake. Ya tatu kutoka mlangoni ilifunguka tu ukiigonga kwa kisigino. Haya alinifundisha Mzee Musembi, karani mkuu, mtu mfupi mwenye sweta ya kijivu ambayo aliivaa hata mwezi wa Februari. Mama wa kwanza aliyenijia dirishani aliniambia, "Fatuma Ali." Nikakimbia, nikarudi na kadi, nimejaa furaha. Mzee akaichukua mkononi mwangu bila kuitazama.

"Fatuma Ali yupi?" akaniuliza.

"Huyu hapa, Mzee. Fatuma Ali."

"Tunao kumi na mmoja." Akamgeukia yule mama. "Mama, jina la babu wa mtoto? Alizaliwa mwezi gani? Mnakaa wapi siku hizi?"

Kadi niliyoileta ilikuwa ya mtoto ambaye familia yake ilikuwa imehamia Mombasa. Nilijifunza hivyo kwamba jina peke yake halimtambulishi mtu, na nilijifunza mapema, kabla sijavunja kitu. Waislamu wa mitaa yetu walituletea majina matatu, la mtoto, la baba na la babu, na yote matatu yanaweza kujirudia nyumba ya pili. Wakamba wenzangu walituletea akina Mutua na Mwende bila kikomo. Wengine walikuja na jina la kanisani leo na la nyumbani kesho. Mzee Musembi hakulalamika hata siku moja. Aliuliza swali lake la pili, la tatu, la nne, na foleni ikangoja.

Alikuwa na kalamu mbili mfukoni, ya buluu na ya nyekundu. Ya nyekundu hakumwazima mtu. Ilikuwa ya kuandikia juu kabisa ya kadi yale mambo yanayoweza kuua: mtoto huyu asipewe dawa fulani, huyu ana selimundu, huyu moyo wake una tundu. Na kadi ikichakaa hakukubali inakiliwe kwenye mpya. Aliibandika karatasi nyuma, kisha nyingine, mpaka kadi nyingine zilikuwa nene kama chapati. "Ukinakili," aliniambia, "kuna kitu utaacha. Na hutajua umeacha nini, kwa sababu umekiacha."

Alistaafu akarudi Machakos, na kompyuta ya kwanza ikaja mwaka ule ule, kana kwamba ilikuwa inangoja atoke. Nikapelekwa mimi kujifunza kwa sababu nilijua taipu. Nilisoma jioni chuo kimoja cha mjini, mwaka mmoja halafu mwingine, na mume wangu akapika ugali wa kila aina ya ugumu. Nilianza kuandika programu ndogondogo: ya kutafuta mtoto kwa jina la mama, ya kupanga siku za chanjo. Hazikuwa nzuri. Lakini ziliuliza swali la pili na la tatu, nilihakikisha hivyo.

Data yote ilikaa kwenye mashine moja chini ya meza kwenye kona. Tuliiita seva kwa heshima. Juu yake kulikuwa na dari, juu ya dari kulikuwa na bomba, na asubuhi moja ya mvua tulifungua mlango tukakuta bomba limepasuka na seva inaoga. Fundi aliikausha akarudisha karibu kila kitu, ila kazi ya siku tisa hivi ilipotea kabisa. Siku tisa za chanjo na uzani, na akina mama wakitutazama tunawauliza mambo waliyokwisha kutueleza.

Daktari Achieng', mkuu wa kliniki, alikuja akasimama na viatu vyake ndani ya maji. Ni mtu wa maneno machache. "Mama Kioko," alisema, "hii data ihame hapa. Iende mahali ambapo hakuna bomba."

Mahali hapo ndipo wanapopaita wingu. Wengi wenu mmezaliwa nalo, lakini mimi nilikuwa nimeshapita miaka hamsini, na nilipoambiwa rekodi za watoto wetu zitakaa kwenye mashine za watu nisiowajua, mbali, nililala vibaya. Nilijiona nimefika mwisho. Nilisema moyoni kwamba wataleta kijana mwenye miwani, watanipa funguo za choo cha wageni nizilinde mpaka nistaafu.

Wakamleta Hibaq. Miwani alikuwa nayo kweli. Alizaliwa Eastleigh, mama yake huuza vitambaa kwa jumla huko, na yeye alikuwa mhandisi wa programu aliyeajiriwa na kliniki kwa miezi sita kutuhamisha. Umri wake ulilingana na wa binti yangu wa pili. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, buibui lake limelowa mvua mpaka magotini.

"Sasa auntie. Wewe ndiye Mama Kioko mwenye programu?"

"Ndiye. Umekuja kuzitupa?"

Akacheka. "Nimezisoma wiki nzima. Ziko na makosa ya tahajia kila mahali, lakini hakuna mtu mwingine ameniuliza jina la babu. Siwezi kutupa hiyo. Nimekuja tuziunganishe na wingu, mimi na wewe."

Akavuta kiti. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza upya, na ndiyo sehemu ambayo Njoki ananiuliza.

Aliniambia hivi. Huduma ya data iko mbali, na ina namna yake ya kuzungumziwa. Unaweza kuandika mwenyewe kila ombi unalolituma kule, herufi kwa herufi, na kujibu kila jibu, na utazeeka ukifanya hivyo. Au unatumia maktaba. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu, ni msimbo ambao wenye huduma wameshauandika kwa lugha ya programu unayoitumia. Unauweka kwenye mashine yako, unaita amri zake kwa majina, nao unabeba ombi lako mpaka kule na kukuletea jibu.

"Kwa hiyo ni mkalimani," nikasema.

"Ni mkalimani. Na kama wakalimani wote, itabidi ujue amesema nini kwa niaba yako."

Nilidhani ule ni mzaha.

Siku nzima ya kwanza iliishia kwenye kuisakinisha. Lugha ya programu iliyokuwa kwenye mashine yangu ilikuwa ya toleo la zamani, na maktaba ikakataa kukaa nayo. Tukaweka toleo jipya, programu zangu za zamani zikagoma. Hibaq akanionyesha jinsi ya kutenga kila kazi na matoleo yake, zisionane. Saa sita stima zikapotea. Saa nane zikarudi, maktaba ikaanza kushuka tena kutoka mwanzo. Nawaambia haya kwa makusudi. Mtu akikwambia ameanza kwa dakika tano, muulize jana yake alikuwa anafanya nini.

Kesho yake tuliandika mistari michache. Mstari wa kuita maktaba. Mstari wa kusema tunataka hifadhi ipi. Mistari miwili ya kuandika rekodi ya mtoto wa kubuni, na mmoja wa kuisoma. Nilimpa jina la Mtoto Jaribio, uzani kilo kumi na mbili. Nikabonyeza. Kimya. Kisha kwenye skrini yangu, Makadara, ikatokea: Mtoto Jaribio, kilo kumi na mbili. Ilikuwa imekwenda nisikokujua na kurudi. Nikapiga kelele. Sista Kerubo, muuguzi wetu mkuu, alikuja mbio na glavu mkononi akidhani nimeanguka.

"Nini?"

"Imerudi!"

"Nani amerudi?"

Nilimwonyesha. Aliitazama skrini, akanitazama mimi. "Huyo mtoto amekonda," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Wiki chache baadaye tulipandisha rekodi zote. Hibaq alizitoa kwenye seva ya zamani, akazipanga kwenye faili moja kubwa, akazisukuma kule kwa mafungu. Tukaanza kazi. Yeye akaendelea na programu ya chanjo, mimi akanikabidhi ya uzani, iliyo rahisi: mtoto anapimwa, karani anaandika uzani, unaenda kwenye rekodi yake. Niliiandika peke yangu. Niliijaribu kwa Mtoto Jaribio na kuirekebisha mara nyingi, mpaka ikafanya kazi kila mara. Jumatatu nikaiwasha.

Ijumaa ya wiki hiyo, asubuhi, nilimsikia Sista Kerubo akiniita kutoka chumba cha sindano. Hakupiga kelele. Aliita jina langu kwa sauti ya chini, na katika miaka yote ile hakuwahi kuniita hivyo.

Mle ndani palikuwa na msichana wa miaka sita, Ikram, anapumua kwa shida, kifua kinapiga filimbi. Alikuwa ameletwa na nyanya yake, mama mzee aliyevaa shela ya kahawia, ambaye hakujua Kiswahili isipokuwa salamu. Daktari alikuwa ameandika sindano ya penisilini. Sindano ilikuwa tayari imevutwa, iko kwenye trei.

"Soma hii," Sista akaniambia, akanigeuzia skrini.

Nikasoma. Jina, Ikram. Uzani, wa Jumanne, siku alipopimwa. Basi.

"Iko sawa," nikasema. "Hana mzio wowote."

"Mama Kioko, huyu mtoto ana miaka sita. Chanjo hana? Siku ya kuzaliwa hana? Mama hana? Mtoto gani hana kitu?" Akaisogeza trei kando. "Rekodi safi namna hii mimi inanitisha."

Nilijua sekunde ile ile, kama unavyojua umeacha jiko limewaka. Sikujua kimetokea nini, lakini nilijua ni mimi.

Hibaq alikuwa mjini. Nilimpigia simu, nikaiweka kwenye sikio la yule nyanya ili amuulize kwa Kisomali. Alisikiliza, akaanza kuzungumza, polepole, kisha kwa haraka, akijishika shingo, akionyesha kwa vidole jinsi kitu kinavyovimba. Hibaq akaniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika: "Mwaka juzi alidungwa sindano mahali pengine, shingo ikafura, akazimia. Mama yake alishawaambia. Anasema aliwaambia nyinyi."

Sista Kerubo aliibeba ile sindano mpaka kwenye chombo cha taka, akaitumbukiza. Daktari Achieng' akaandika dawa nyingine. Ikram alipewa, akawekewa mvuke, na kufika saa saba alikuwa anakula biskuti na kumwaga makombo kwenye kitanda chetu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya chumba cha rekodi. Hibaq alinikuta hapo. Hakuniambia niinuke. Naye akakaa chini, laptopu mapajani, akasoma programu yangu. Haikumchukua muda.

Maktaba ile ina amri mbili za kuandika, na zinafanana kama mapacha. Ya kwanza inasema weka. Ukiita weka, unachokitoa ndicho kinachokuwa rekodi nzima, na kilichokuwapo kinaondoka. Ya pili inasema badilisha. Hiyo inagusa ulichokitaja tu na kuacha mengine yalivyo. Mimi nilikuwa nimeita weka, nikatoa jina na uzani. Kila mtoto aliyepanda mizani wiki ile alikuwa amefutiwa kila kitu kingine. Na majaribio yangu hayakuonyesha lolote, kwa kuwa Mtoto Jaribio alikuwa na jina na uzani tu tangu kuzaliwa kwake. Hakuwa na cha kupoteza.

"Nilikuonyesha weka," Hibaq akasema. "Badilisha sikukuonyesha. Nusu ya hili ni yangu."

"Programu ina jina langu."

"Auntie, mimi ndiye nililetwa kukufundisha."

Daktari Achieng' alikuwa amesimama mlangoni, hatukumwona alipofika. "Kosa mtagawana kesho," alisema. "Leo nataka majina ya watoto, wote. Na mpaka muyamalize, hakuna anayedungwa hapa bila mzazi kuulizwa kwa mdomo."

Tulizima programu. Ile faili kubwa ya kupandishia ilikuwa bado kwenye mashine ya Hibaq, kwa bahati, maana alikuwa amepanga kuifuta Jumatatu iliyofuata. Kutoka hapo tulirudisha rekodi za watoto wote wa wiki ile. Daftari la Sista la mizani likatupa uzani. Lakini yaliyoandikwa kati ya siku ya kuhama na siku ya kufutwa hayakuwa kwenye faili wala kwenye daftari. Hayo ilibidi tuyaulize. Nilikaa na simu Jumamosi na Jumapili, nikiwapigia wazazi mmoja mmoja. Sikuwaambia kwamba mtandao ulisumbua. Nilisema, "Mimi ndiye niliyefuta, naomba tuandike upya." Wengine walinifokea. Mmoja alinipa pole, na hiyo iliniuma zaidi.

Mama yake Ikram sikumpigia. Nilikwenda. Ana kibanda Kariokor, anauza viatu vya ngozi vya watoto kwa jumla. Nilimkuta anafunga viatu jozi jozi kwa uzi, nikajieleza nikiwa nimesimama, kila kitu, amri ya weka na ya badilisha, kana kwamba angeihitaji. Aliendelea kufunga uzi mpaka nikamaliza.

"Mimi niliwaambia mara tatu," akasema. "Mara tatu. Mara ya tatu karani aliniambia, 'Mama, tumeshaandika, usiwe na wasiwasi.' Nikaacha wasiwasi. Nikamtuma mama yangu na mtoto."

Akaukata uzi kwa meno, akaniangalia.

"Karani huyo alikuwa wewe?"

Nilifikiri. "Sikumbuki. Pengine ni mimi."

Akaweka viatu chini. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya mtandio kwa hasira, kama mtu anayefuta vumbi. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Na watoto wa wengine? Wamepatikana wote?"

"Wote isipokuwa mmoja. Simu ya mama yake haiingii. Walikuwa wanakaa nyuma ya soko hapa hapa, wamehama. Na alikuja kliniki kabla ya kufutwa, Sista anakumbuka kuna kitu kiliandikwa, hakumbuki nini."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia jina la mama. Akasimama, akamwita jirani amwangalizie kibanda. "Huyo alikuwa ananunua viatu kwangu vya kuuza. Sijui alikohamia, lakini dada yake namjua. Twende."

Tulizunguka mitaa ile mimi na yeye adhuhuri nzima. Dada alitupeleka kwa fundi cherehani, fundi cherehani akatupeleka kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga, ghorofa ya tatu, na huko tukamkuta yule mama anaanika nguo, mtoto mgongoni. Kilichokuwa kimeandikwa ni kwamba mtoto ana kifafa na ameanzishiwa dawa. Alikuwa amebakiza vidonge vya siku nne, na alikuwa anapanga kuja kuchukua vingine. Angekuta kwetu hajulikani. Niliandika yote kwenye karatasi, nikamsomea, akaitikia kila mstari. Nilipogeuka, Mama Ikram alikuwa amemshika yule mtoto kidole na anazungumza naye kwa sauti ndogo. Tuliposhuka ngazi aliniambia, "Jumatano nitamleta Ikram mwenyewe. Nitaangalia skrini kwa macho yangu."

Alikuja Jumatano. Niligeuza skrini, akasoma yote kwa sauti, akanirekebisha tahajia ya jina la babu.

Baada ya hapo nilijifunza ile maktaba kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Nilisoma maelezo ya kila amri kabla ya kuiita, na hasa yale yanayosema inafanya nini kwa kile ulichokiacha kukitaja. Tulitenga hifadhi ya majaribio, mbali na ya kweli, tukamjaza Mtoto Jaribio: tulimpa chanjo, mzio, nyanya, anwani mbili na pumu. Akawa mtoto mgonjwa kuliko wote Nairobi. Kila programu mpya ilimpitia, na baada ya kupita tulihesabu alichobaki nacho. Tukaweka nakala ya kila siku, na mara moja kwa mwezi tulijaribu kuirudisha, maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Mtandao ulipokatika katikati ya kuandika, tuliifundisha programu ijaribu tena, lakini kwa namna ambayo chanjo moja isiandikwe mara mbili. Hilo lilinichukua mwezi mzima na daftari mbili za mistatili na mishale.

Mzee Musembi alitutembelea mara moja, na fimbo sasa, sweta ile ile au ndugu yake. Nilimfungulia rekodi nikimwonyesha kwa fahari. Aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Nyekundu iko wapi?" akauliza.

Haikuwapo. Mzio ulikuwa umeandikwa katikati ya orodha, kwa rangi ile ile ya jina la mtaa. Kabla hajamaliza chai yake nilikuwa nimeanza kuandika ule mstari mwekundu mnaouona leo juu ya kila ukurasa. Wengi mnadhani ni wa Hibaq.

Hibaq mwenyewe alimaliza miezi yake sita, akaongezewa sita mingine, kisha akapata kazi kwingine. Siku ya kuondoka alinipa mkono kama mwanafunzi anavyomuaga mwalimu, na mimi nikamwambia amekosea upande. Tulicheka, halafu hatukucheka. Bado hunipigia Idi na Krismasi, zote mbili, na huuliza kwanza habari za programu ya uzani.

Funguo sijazitaja bado. Huduma ile haifungulii mtu kwa sababu anaifahamu. Kila programu na kila mtu ana ruhusa yake iliyoandikwa kule, na anayeondoka ruhusa yake lazima iondolewe siku hiyo hiyo, hata awe nani. Niliandika mimi kanuni hiyo. Kwa hiyo siku yangu ya mwisho, keki ilipokwisha, nilirudi kwenye meza na Njoki, nikafungua orodha. Jina langu lilikuwa la kwanza, kwa kuwa nilijiandika kabla ya wote. Njoki akasema, "Wacha nifanye kesho, Mama. Si lazima ufanye mwenyewe."

Nikamwambia ni lazima. Nikalifuta. Kisha nikafungua programu na kujaribu kusoma rekodi ya mtoto mmoja tu, yeyote. Skrini ikakaa kimya kidogo, halafu ikajibu kwamba mtu wa jina hilo hana ruhusa hapa.

Njoki alinitazama kwa wasiwasi. "Imekuuma?"

Nje mama mmoja alikuwa anagonga kioo cha dirisha kwa sarafu, na mtoto wake analia. Nikainuka kwenye kiti, nikamsukumia Njoki kibodi.

"Kanuni yangu imenikataa kama nilivyoiandika, mara ya kwanza nilipoijaribu," nilimwambia. "Miaka yote hii, sijawahi kuandika kitu kikafanya kazi mara ya kwanza. Mwite huyo mtoto."